Mama Mwende na Shina la Kifungo

Bi. Idah Ndunge Mutiso anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Mito Miwili Uniforms, hapa Ruiru, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Jina hilo refu linatumiwa na karatasi ya mshahara peke yake. Sisi wengine tunamwita Mama Mwende. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja sita, amezishinda cherehani kumi na moja zilizokufa akizitazama, na kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuipinga, ameshona vifungo vya kutosha kufunga kila koti lililoko kati ya Thika na Githurai, na vingine vikabaki.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwa sababu nimeketi naye meza moja kwa miaka tisa. Sababu nyingine ni kwamba wenzangu wote walikataa. Walijua atausoma akiwa na kalamu mkononi, na mahali popote nitakapokosea atanitafuta, awe amestaafu au hajastaafu.

Mama Mwende alizaliwa Yatta, akaolewa Thika katika mtaa wa Makongeni, na huko ndiko anakoishi hadi leo. Aliajiriwa hapa tarehe 1 Machi 1994 kama mfagiaji. Baada ya wiki mbili za kufagia alibeba mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vifungo alivyookota sakafuni, akaingia nao katika ofisi ya meneja wa wakati huo bila kuitwa, akaumimina wote juu ya meza. Alitaka kujua, ikiwa kiwanda kinashona vizuri hivyo kama kinavyojisifu, mbona yeye anafagia vifungo vingi kuliko vumbi. Meneja akamhamishia idara ya vifungo siku hiyo hiyo ili anyamaze. Hakunyamaza, lakini alianza kushona.

Siwezi kumweleza Mama Mwende bila kueleza kamusi yake. Mwaka 1998 alinunua kamusi nzito ya Kiingereza kutoka kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Thika. Ilikuwa aina ile inayoeleza kila neno lilitoka wapi, nani alilizaa na lilipitia nchi gani kabla ya kufika. Kasoro ilikuwa moja tu. Kamusi ilikwisha kwenye herufi D. Kurasa zilizobaki, muuzaji alimwambia bila haya, zilikuwa zimeshafungia watu karanga.

Mama Mwende hakujali. Alisoma A hadi D kila siku saa nne wakati wa chai, mwaka baada ya mwaka, hadi akazijua vizuri kuliko waliozichapisha. Na kwa kuwa kazi yake ni kufunga nguo, alishikilia maneno ya kufunga. Alimweleza fundi wetu wa mashine, Mwas, kwamba ile chuma ya mshipi wake, "buckle," ilianzia kwa Walatini na maana yake ilikuwa shavu dogo, kwa sababu askari wa zamani walifungia kofia zao za chuma hapo shavuni. Mwas ana mashavu ambayo hakuna anayeweza kuyaita madogo, na hadi leo akiinama kukaza mshipi lazima mtu amuulize hali ya shavu. Alitueleza pia kwamba "clip" kwa Waingereza wa kale ilikuwa kukumbatia. Kuhusu "clasp" alisema wenye lugha wenyewe hawana hakika ilitoka wapi, na akaonekana kuwahurumia.

Zipu, hata hivyo, hakuikubali kamwe. Herufi Z ilikuwa imeenda na karanga, na kwa Mama Mwende kitu kisicho na ukoo hakiwezi kukabidhiwa suruali ya mtu mzima. Mtu akitaja zipu, yeye alikuwa akijibu, "Hiyo haiko kwa kitabu," na mazungumzo yanaishia hapo. Krismasi ya mwaka 2022 tulichangishana tukamnunulia kamusi kamili. Alifungua mwisho kabisa, akasoma kimya, kisha akavua miwani. Ilisema neno hilo lilianza kama mwigo wa sauti ya kitu kinachopita kwa kasi. "Si niliwaambia?" akasema. "Ni kelele tu." Sijawahi kumwona akifurahia zawadi namna ile.

Lakini neno lake, neno aliloliweka moyoni kama wengine wanavyoweka mstari wa Biblia, ni "button." Kila anayeingia idara yetu anaulizwa swali moja kabla ya kupewa sindano: button inatoka wapi? Mimi niliulizwa Septemba 2016, asubuhi yangu ya kwanza, nikiwa nimetembea kutoka chumba changu cha kupanga Kiandutu hadi barabara kuu na viatu vimejaa matope. Nikajibu inatoka stoo, kwa Adan anayeitunza.

"Jaribu tena, mami."

Nikasema China. Meza nzima ikainamisha vichwa, wengine wakijifanya wanatunga uzi.

Mama Mwende hakunicheka. Alinishika mkono akanipeleka nje hadi kwenye ua, palipo na mbuni mmoja uliosalia tangu eneo hili lote lilipokuwa shamba la kahawa. Akanionyesha chipukizi lililotokeza kwenye tawi. Kifungo, akaniambia, Waingereza walikipata kwa Wafaransa wa kale, na kwa hao Wafaransa neno lilikuwa ni la chipukizi, na nyuma yake kuna neno jingine la kusukuma. Kitu kinachosukuma kikatokeza. "Sasa angalia hii. Kuna mtu ameigandisha hapa na gluu? Imetoka ndani ya mti, na iko na shina yake. Wewe pia ukishona kifungo, kipee shina."

Hiyo ndiyo kazi yake yote, na nitaieleza kwa wale wa ukataji na wa usafirishaji ambao hawajawahi kutuelewa. Mashine hushona kifungo kikalala bapa juu ya kitambaa. Mama Mwende hukiacha kiinuke kidogo, kisha huzungusha uzi chini yake mara tano na kuukaza, hadi kifungo kinasimama juu ya shingo yake kikiwa na nafasi ya kitambaa kupita. Wapo mafundi wengine duniani wanaofanya hivyo, sikatai, lakini yeye anasema hakufundishwa na mtu. Alisoma neno chipukizi kwenye kamusi, akatazama kifungo kilicholala kwenye koti lake, akaona kwamba kilikuwa kimeshonwa na mtu asiyejua maana yake.

Mtihani wa kuhitimu ni mkoba. Mkoba wa Mama Mwende una thamosi, Biblia, kamusi, mwavuli, na kwa kawaida mboga za jioni. Adan aliupima stoo akapata kilo tano na robo. Ukidai umeiva, unashona kifungo kimoja kwenye aproni, aproni inatundikwa ukutani, na mkoba unaning'inizwa kwenye kifungo hicho hadi chai iishe. Kifungo changu cha kwanza kilistahimili muda wa mtu kusema "ona sasa." Cha nane kilishikilia. Nililia kidogo, nakubali, na Mama Mwende akanipa leso na maneno ya faraja yafuatayo: "Nguvu iko. Urembo bado."

Sasa nifike Mei 2017, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Mwezi huo meneja wetu, Bwana Gichuru, alileta mashine mpya ya vifungo. Ilishona kifungo kwa sekunde tatu, na hata Mwas, ambaye huziamkia mashine kabla ya watu, alivua kofia mbele yake. Idara yetu ilikuwa na wanawake kumi na Mama Mwende. Bwana Gichuru si mtu mbaya, na yumo katika ukumbi huu, kwa hiyo nitasema kwa adabu kwamba alitutazama sisi kumi na mmoja, akaitazama mashine, akaanza kuongea polepole. Kama mashine ingetosha, idara ingefungwa mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa wa mwisho kuajiriwa. Nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na mama mkwe aliyekuwa ameshaanza kuniuliza maswali.

Aliyetuokoa kwa wiki mbili ni Mwalimu Becky wa Kahawa Wendani. Ana shule tano za nasari, na alikuwa mteja wetu mkubwa wa sare. Alikuja amekasirika. Fundi mmoja wa mtaani alikuwa amemshonea mashati ya dharura, vifungo vikaanza kutoka, na mtoto mmoja akakiingiza kimoja puani hadi kikatolewa kliniki. Alitaka tuache vifungo kabisa, tutumie ule utepe unaonata na kulia kraa unapobanduliwa. Mama Mwende akamwomba nafasi moja. Bwana Gichuru akaona jambo la haki: mashati ishirini yashonwe vifungo na mashine, ishirini na Mama Mwende kwa mkono wake, watoto wayavae wiki mbili, tuone. Ya mashine yakatiwa uzi mwekundu ndani ya kola, ya mkono uzi wa bluu. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tulijua watoto wa nasari. Wale hawavui shati, wanatoka ndani yake kwa vita.

Wiki mbili zikaisha. Mashati arobaini yakarudi yakiwa na uji, udongo, na damu ya pua ya mtu fulani. Tukakusanyika. Bwana Gichuru akahesabu vifungo vya uzi wa bluu, vyote vipo. Akahesabu vya uzi mwekundu.

Vyote vipo.

Mwas alitoka nje kuvuta hewa. Bwana Gichuru alikunja karatasi yake, akasema kwa upole kabisa kwamba basi mashine inatosha, na kwamba tutakutana Ijumaa tuzungumze mambo ya idara. Wenzangu wakamwangalia Mama Mwende. Mama Mwende akaangalia mashati. Mimi nikaangalia sakafu, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichotokea.

Ni mimi niliyetumwa kuyapanga mashati kwenye katoni siku ile ya kwanza. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Nikaona vile vifungo vya mashine vimelala bapa, vingine vimeinama upande, na naapa nilijaribu kufunga katoni. Nilifunga, nikafungua. Miezi minane nilikuwa nimefundishwa kwamba kifungo kisicho na shina ni aibu ya aliyekishika mwisho, na aliyevishika mwisho nilikuwa ni mimi. Nikachukua sindano. Nilisema nitarekebisha shati moja tu, lile lililokuwa vibaya zaidi. Kengele ilipolia nilikuwa nimetia shina mashati yote ishirini ya mashine, vifungo vitatu kila moja, sikuwa nimekula, na nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko siku yoyote tangu niolewe. Kwamba lilikuwa shindano, na kwamba nilikuwa nimewashonea adui zetu ushindi, wazo hilo lilinijia nikiwa nyumbani naosha sufuria. Katoni ilikuwa imeshaenda Wendani. Nikajiambia watoto watavitoa tu.

Baada ya hesabu ile, siku mbili sikulala vizuri. Siku ya Alhamisi nikashindwa. Nilimfuata Mama Mwende kwenye bomba la maji, nikamwambia yote, na nikamwambia kwamba nitaenda ofisini mwenyewe, nifutwe mimi, wengine wabaki.

Alifunga bomba. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika bomba, akachuchumaa, akajifuta machozi kwa aproni. "Zote ishirini? Na hukukula?" Nikasema ndiyo. "Wĩ mwana wakwa," akasema kwa Kikamba, na hata mimi Mkikuyu nilielewa kwamba nimeitwa mtoto wake. Kisha akanishika bega. "Hakuna kwenda ofisi peke yako. Kwanza kunywa chai, halafu twende sote."

Tukaenda sote kumi na mmoja. Mwalimu Becky alikuwa amekaa humo tayari, amekuja kuweka oda. Nikaungama tena. Bwana Gichuru hakuniamini, na simlaumu. Akasema ni hadithi nzuri sana iliyokuja siku moja kabla ya Ijumaa, na kwamba mashina yenyewe yangeweza kutiwa hata jana. Mama Mwende hakubishana naye. Alimwomba asimame. Bwana Gichuru alikuwa amevaa koti jipya la bluu, la dukani, vifungo vyake vimeshonwa na mashine huko lilikotoka, na koti lilikuwa limefungwa vizuri juu ya tumbo ambalo wakati huo lilikuwa na bidii. Mama Mwende akaning'iniza mkoba kwenye kifungo cha katikati.

Kifungo hakikungoja chai iishe. Kiliruka hadi kwenye kikombe cha Mwalimu Becky, kikatua ndani, na chai ikamrukia puani. Cha pili kikafuata chenyewe bila mkoba, kwa sababu ya tumbo. Mwalimu Becky akakitoa kile cha kwanza kwa kijiko, akakigeuza, akakiweka juu ya meza mbele ya Bwana Gichuru.

"Mimi sijali nani alifanya nini kwa katoni," akasema. "Nataka vile havikutoka. Na hivyo vyote ni hawa wamama walishona."

Oda ya nasari zote tano ilikuja kwetu wiki iliyofuata. Mashine ipo bado, inashona mashati ya wakubwa, na tunaishi nayo kwa amani. Idara leo ina watu kumi na wanane. Bwana Gichuru aliniita, akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya umeneja hajawahi kuona mfanyakazi akihujumu kazi yake mwenyewe kwa kufanya kazi nzuri kupita kiasi, na kwamba hajui aniandikie barua ya onyo au ya pongezi. Hakuandika yoyote. Koti lake alilileta mezani kwetu kimya kimya, na Mama Mwende akalitia shina kila mahali, hata kwenye mikono ambako vifungo ni vya mapambo tu.

Kuhusu mafanikio mengine ya Mama Mwende nitakwenda mbio, maana programu ina nyimbo pia. Amefundisha wanawake sitini na watatu. Amewahi kusimamisha harusi Ruiru kwa dakika ishirini kwa sababu koti la bwana harusi lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa rangi isiyofaa, na bwana harusi ndiye aliyemshukuru zaidi. Aliwahi kumwandikia mbunge kuhusu vifungo vya sare za walinzi wa lango la kiwanda, akajibiwa baada ya miaka mitatu, kwa jibu lililohusu barabara. Hajawahi kuchelewa kazini, ingawa kwa miaka yote hii ameondoka Makongeni kabla ya jogoo kuamua kuwika.

Nilidhani wasifu unaishia hapo. Lakini wiki iliyopita ofisi ya wafanyakazi ilinipa faili lake ili nithibitishe tarehe, na katikati ya fomu za likizo nikakuta barua mbili ambazo sikuzitafuta. Ya kwanza ni ya Bwana Gichuru, ya Mei 2017. Inamweleza Mama Mwende kwamba idara ya vifungo ikifungwa, yeye asiwe na wasiwasi: kiwanda kinafungua tawi Thika, na nafasi ya msimamizi mkuu ni yake, kwa mshahara mkubwa zaidi. Tawi lile mnalijua. Kutoka mlango wa nyumba yake ni mwendo wa dakika saba kwa miguu.

Ya pili ni jibu lake, kwa mwandiko wake ulionyooka. "Nashukuru sana kwa kazi ya Thika, ni karibu na kwangu. Lakini hao kumi mimi ndiye niliwafundisha. Wakitoka, andika na jina langu." Ameiandika Jumatatu ya wiki ile mashati yaliporudi.

Mimi niliungama Alhamisi. Miaka minane nimekuwa nikisimulia kisa hiki kwa kicheko, nikiamini kwamba pale kwenye bomba nilikuwa nimeharibu kazi za watu kumi, na kwamba yeye, ambaye kiwanda kisingekubali kumwacha aende, alicheka kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza. Kumbe alikuwa ameshajitia humo pamoja nasi, na mimi kwa sindano yangu nilikuwa nimemaliza na kazi yake. Alilijua hilo nilipokuwa nikiongea. Alilijua, akacheka hadi akachuchumaa, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mama Mwende, asante. Sijui neno kubwa zaidi ya hilo, na kama lipo kwenye kamusi utanionyesha. Lala hadi jua likukute kitandani, tembelea wajukuu Yatta bila kuomba ruhusa ya mtu, na Mungu akupe afya na siku nyingi zenye nafasi. Mtoto wangu yule wa mwaka mmoja sasa yuko darasa la tatu. Amekula, Mama. Tumekula sote.

Tabby Wairia, Idara ya Vifungo